Panya wa ghalani: Lowesha kwanza, ndipo ufagie

Kila ifikapo Desemba, na tena wakati wa Pasaka, wakazi wengi wa miji ya Meru na Embu, pamoja na jamaa zao waliohamia Nairobi, hupanda matatu kurudi mashambani. Nyumba ambayo imekuwa imefungwa tangu Agosti hufunguliwa, magodoro hutolewa nje yapigwe na jua, na mtu mmoja, aghalabu mama au msichana wa nyumbani, hupewa ufagio. Vumbi hutimka hadi darini. Anayefagia hukohoa, hufunika pua kwa ncha ya leso, kisha huendelea na kazi. Katika vumbi hilo, ukilitazama vizuri, mna punje nyeusi zinazotoshana na punje za mchele. Hicho ni kinyesi cha panya.

Nimeamua kuandika kuhusu vumbi hilo kwa sababu wagonjwa kadhaa wameniuliza swali moja. Mnamo Machi 2025 habari zilienea kutoka Marekani kwamba Betsy Arakawa, mke wa mwigizaji mashuhuri wa filamu Gene Hackman, alikuwa amefariki nyumbani kwao katika jimbo la New Mexico kutokana na virusi vya hanta, ambavyo huenezwa na panya. Tangu wakati huo watu huniuliza, "Daktari, huo ugonjwa wa panya unaweza kufika hapa kwetu?"

Virusi vilivyomuua mama huyo huishi katika aina moja ya panya anayepatikana Amerika Kaskazini, na panya huyo hayuko Igembe wala Mbeere. Kwa hivyo, ikiwa ulikuwa unakosa usingizi kwa ajili ya hanta ya Marekani, lala. Hata hivyo, njia ambayo ugonjwa ule hutumia kutoka kwa panya hadi kwenye mapafu ya binadamu iko wazi katika kila stoo ya mahindi kuanzia Laare hadi Kiritiri, na panya wetu nao wana mizigo yao.

Panya haugui

Jambo la kwanza ambalo msomaji anafaa kuelewa ni kwamba panya aliyebeba virusi hivi haonekani mgonjwa. Hachechemei, hatokwi na mate wala hafi ovyo sakafuni kama panya aliyekula sumu. Virusi na panya wamezoeana kwa maelfu ya miaka. Panya hula, huzaa na kukimbia huku virusi vikitoka mwilini mwake kupitia mkojo, kinyesi na mate, mara nyingi kwa maisha yake yote. Anayeumia ni binadamu, ambaye mwili wake haujavizoea.

Wengi wetu hudhani hatari ya panya ni kuumwa naye. Ni kweli panya akikuuma anaweza kukuambukiza, lakini wengi wa wanaopata hanta hawajaumwa na panya kamwe, na baadhi yao hawajamwona hata mmoja. Panya hukojoa kidogo kidogo kila anapopita: juu ya gunia, juu ya rafu ya sufuria, juu ya blanketi iliyokunjwa. Mkojo huo hukauka. Mtu anapofagia au kukung'uta, ule ukavu huwa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, nalo huvutwa puani. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoingia.

Jina hanta limetokana na mto Hantan wa nchini Korea. Wakati wa vita vya Korea, kati ya mwaka 1950 na 1953, wanajeshi zaidi ya 3,000 wa Umoja wa Mataifa waliugua homa kali iliyoharibu figo na kuwafanya baadhi yao kuvuja damu. Madaktari wa jeshi hawakujua chanzo. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya mtafiti Mkorea, Ho-Wang Lee, kuvipata virusi hivyo katika panya wadogo wa mashambani. Mnamo 1993 aina nyingine ilijitokeza kusini magharibi mwa Marekani, ikiua vijana waliokuwa wazima wa afya. Hiyo haikushambulia figo bali mapafu. Mgonjwa alianza kwa homa na maumivu ya mapaja, mgongo na nyonga, na baada ya siku chache mapafu yakajaa maji. Kati ya wagonjwa 10 wa aina hiyo, karibu 4 hufariki, na hadi leo hakuna dawa maalumu ya kuviua virusi hivyo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua huku mwili wake ukipigana wenyewe.

Mlipuko wa 1993 ulifuata mvua nyingi isiyo ya kawaida. Mvua ilileta mbegu tele, na mbegu zikaleta panya. Mkulima wa Tharaka hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Panya mwenye matiti mengi

Sasa tuje barani Afrika, ambako ugonjwa wa panya unaotisha zaidi ni homa ya Lassa. Uligunduliwa mwaka 1969 katika kijiji cha Lassa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, wauguzi watatu wa misheni walipoambukizwa mmoja baada ya mwingine na wawili kati yao wakafa. Hadi leo Lassa huambukiza watu wengi kila mwaka katika Afrika Magharibi. Inakadiriwa kwamba wanane kati ya kila kumi wanaoambukizwa huugua kidogo tu au hawaugui kabisa, lakini wengine huvuja damu na kufa, na baadhi ya wanaopona hubaki viziwi. Mama mjamzito yuko katika hatari kubwa kuliko wengine wote.

Panya anayeeneza Lassa huitwa na wataalamu Mastomys natalensis. Ni panya wa kahawia, wa ukubwa wa wastani, na jike lake linaweza kuwa na matiti hadi 24. Huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, baada ya mimba ya wiki tatu na siku chache. Msomaji, panya huyo unamjua. Ndiye panya wa kawaida wa mashamba ya mahindi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ndiye anayefukua mbegu uliyoipanda jana, na mavuno yakiingia ghalani naye huingia.

Kwa nini basi hatuna Lassa? Majirani zetu wa Tanzania wametusaidia kupata jibu. Watafiti wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamewatega na kuwapima panya hawa kwa miaka mingi. Mnamo 2009 walitangaza kwamba panya wa Morogoro wana virusi vya jamii moja na Lassa, wakavipa jina la mji huo. Baadaye vikapatikana vingine, vikaitwa Gairo. Hakuna ushahidi kwamba virusi hivi viwili huwaletea watu ugonjwa. La ajabu zaidi ni kwamba panya wa aina hii, ingawa kwa macho wanafanana wote, wamegawanyika katika koo zinazotofautiana kwa damu, na kila ukoo una virusi vyake. Mahali ambapo koo mbili zinakutana, virusi vya upande mmoja havivuki vikaenea upande wa pili, japo panya wenyewe wanaoana. Ukoo unaobeba Lassa ni wa Afrika Magharibi, na huku kwetu kuna koo nyingine.

Huo ni ukuta mzuri, nami naufurahia, lakini singependa mtu autumie kama sababu ya kulala na panya chumba kimoja. Mwaka 2008 mtu mmoja aliugua mjini Lusaka, Zambia, akasafirishwa kwa ndege hadi Johannesburg kwa matibabu. Aliyekuwa akimhudumia safarini aliambukizwa. Muuguzi aliambukizwa, kisha mfanyakazi aliyesafisha chumba, kisha muuguzi mwingine. Kati ya hao watano walikufa wanne. Vilikuwa virusi vipya kabisa, vya jamii ileile ya Lassa, ambavyo havikuwa vimeonekana mahali popote, navyo vikaitwa Lujo kwa kuunganisha herufi za kwanza za miji hiyo miwili. Virusi vya jamii hii kwa kawaida hutoka kwa panya. Lusaka si mbali sana nasi.

Homa isiyo malaria

Mpaka hapa nimesema juu ya virusi. Hata hivyo, nikizungumza na msomaji wa Embu au Meru kuhusu panya bila kutaja leptospirosisi nitakuwa nimemnyima jambo linalomhusu zaidi. Huu si ugonjwa wa virusi bali wa bakteria, na tofauti hiyo ni neema, kwa kuwa bakteria huuawa na dawa tulizo nazo. Hutoka katika mkojo wa panya, na pia wa ng'ombe, nguruwe na mbwa, na huingia mwilini kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho au mdomo. Hupenda maji na matope. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima panya wa Kibera, Nairobi, na kukuta bakteria hao katika karibu mmoja kati ya kila watano.

Watanzania huuita homa ya mgunda, jina ambalo msomaji wa Embu hatahitaji kamusi kulielewa. Julai 2022 watu katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, walianza kuugua homa na kutokwa na damu puani. Nchi nzima iliingiwa na hofu kwamba ni Ebola au Marburg. Vipimo vilionyesha si Ebola, si Marburg. Ilikuwa homa ya mgunda. Wagonjwa 20 waliripotiwa na watatu walikuwa wamefariki.

Hapa kwetu tatizo ni la namna nyingine. Nyanda za juu za Meru na Embu hazina malaria nyingi kama Kisumu au Pwani, lakini mtu akipata homa jambo la kwanza analofanya ni kununua dawa ya malaria. Isipomsaidia anaambiwa ana taifodi, mara nyingi kwa kipimo cha damu ambacho hakiaminiki sana, na anachomwa sindano kwa siku kadhaa. Siku zinapita.

Nilipata kumtibu mwalimu mmoja aliyefundisha mjini. Alikuwa ameenda kwao sehemu za chini za Mbeere kumsaidia mama yake kumwaga mahindi yaliyooza ghalani na kuzibua mtaro uliojaa matope. Siku kumi hivi baadaye alipata homa, akameza dawa za malaria mara mbili, kisha akatibiwa taifodi mahali fulani. Alipofika kwangu macho yalikuwa mekundu bila usaha na yameanza kuwa ya manjano, na nilipomshika ndama za miguu aliruka kwa maumivu. Nilimuuliza amekuwa akifanya kazi gani wiki tatu zilizopita. Akacheka, akasema hakuna aliyemuuliza hilo. Tulimwanzishia dawa siku hiyo hiyo na figo zake zikapona. Angekaa nyumbani siku nyingine nne pengine tungezungumza lugha nyingine.

Kusafisha stoo

Turudi kwa yule mama mwenye ufagio. Kwanza asifagie. Afungue milango na madirisha yote, kisha aondoke, akae nje kwa nusu saa hivi hewa izunguke. Akirudi, avae glavu za mpira, au mifuko ya plastiki mikononi ikiwa glavu hazipo, na viatu vilivyofunika vidole. Achanganye dawa ya klorini ya kufulia nguo, kama vile Jik, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Mchanganyiko huo utengenezwe siku ileile, usichanganywe na dawa nyingine ya choo au ya sakafu kwa sababu unaweza kutoa hewa ya sumu.

Kinyesi na viota vinyunyiziwe mpaka vilowe kabisa, viachwe kwa dakika tano au zaidi, ndipo vipanguswe kwa kitambaa au karatasi na kutiwa katika mfuko. Sakafu ipigwe deki kwa maji yaleyale. Ikiwa ni sakafu ya udongo, inyunyiziwe kwanza, iachwe inywe, ndipo uchafu ukusanywe kwa koleo. Pasipo na klorini kabisa, maji na sabuni ni bora mara mia kuliko ufagio mkavu, maana mradi vumbi halitimki, nusu ya hatari imekwisha. Mablanketi yaliyolaliwa na panya yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Leso puani haisaidii, kwa kuwa vumbi hili ni laini kuliko nafasi za nyuzi zake. Barakoa nzuri ya hospitali husaidia kidogo, lakini kulowesha kunasaidia zaidi.

Panya aliyekufa naye anyunyiziwe dawa hiyo hiyo kabla ya kuguswa, atiwe katika mifuko miwili na kuzikwa au kutupwa chooni. Asishikwe mkia kwa mkono mtupu, na watoto wasipewe kazi ya kumtupa, jambo ambalo naliona kila mara vijijini.

Gunia chumbani

Siku hizi, kwa kuogopa wezi, familia nyingi zimehamisha mahindi kutoka ghalani hadi ndani ya nyumba. Utakuta magunia manane yamepangwa nyuma ya kochi, au kando ya kitanda cha mtoto. Ninaelewa sababu, maana gunia la mahindi ni karo ya shule. Lakini gunia likilala chumbani, panya naye hulala chumbani, na mkojo wake huanguka juu ya mto wa kulalia. Babu zetu walijenga ghala mbali kidogo na nyumba, wakaliinua juu ya nguzo, na hilo halikuwa pambo. Ghala lililoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, lenye bati lililozungushwa kwenye kila nguzo kama faneli iliyopinduliwa, na lisiloguswa na tawi la mti wala ukuta, ni vigumu sana kwa panya kuliparamia. Kama wezi ni wengi kwenu, tangi la bati la kuhifadhia nafaka linafungika kwa kufuli na panya hawezi kulitafuna. Ile mifuko mipya isiyopitisha hewa ni mizuri dhidi ya dumuzi, lakini panya huitoboa, kwa hivyo nayo inahitaji chumba kisichoingilika.

Chumba kisichoingilika ni kipi? Panya mdogo hupita kwenye tundu ambalo kalamu inapita. Pita na kalamu yako chini ya mlango, kwenye pembe za dari na mahali bomba la maji linapoingia. Panapopita kalamu, paziba kwa saruji au kwa waya mgumu wa kusugulia sufuria, kwa maana matambara na mbao huyatafuna usiku mmoja.

Mtego wa chuma wa kubana, wenye chambo cha omena au siagi ya karanga, ndio ninaoupenda. Gundi ya panya siipendekezi, kwa sababu panya aliyenaswa akiwa hai hukojoa kwa hofu usiku kucha, na asubuhi mtu humshika. Kuhusu sumu zinazouzwa kwa vijikaratasi sokoni na kando ya barabara, mimi kama daktari nimeona watoto wakiletwa baada ya kuzila, na singetaka ziwe ndani ya nyumba yenye mtoto. Tena panya aliyekula sumu huliwa na paka au bundi, na ukishawaua hao umewaondolea panya adui. Paka ni rafiki mzuri wa ghala, mradi asizoeshwe kuleta mawindo yake kitandani.

Kwa wafanyakazi wa mashamba ya mpunga ya Mwea, na wale wanaozibua mitaro nyuma ya masoko yetu, vaeni gambuti na mfunike kila kidonda kwa plasta isiyoingia maji kabla ya kuteremka.

Ukipata homa katika wiki kadhaa baada ya kusafisha mahali penye panya au kufanya kazi katika maji machafu, nenda hospitali, hasa ikiwa misuli ya mapaja, mgongo au ndama inauma sana, macho ni mekundu au ya manjano, mkojo umepungua, unatokwa na damu, au pumzi imeanza kuwa fupi. Hilo la pumzi halingoji asubuhi. Na ukiketi mbele ya muuguzi au daktari, usiishie kusema "nina homa". Sema, "Siku kumi zilizopita nilisafisha stoo iliyokuwa na panya." Kipimo cha magonjwa haya si cha kila maabara, huenda damu yako ikapelekwa Nairobi na majibu yakachukua siku kadhaa. Dawa ya homa ya mgunda haihitaji kungoja majibu hayo. Daktari aliyesikia neno panya anaweza kuianza papo hapo.